Keria ya baiskeli kwenye Vitz

Jumamosi nilienda Nkubu kuchukua baiskeli ya marehemu baba, ile Black Mamba nzito. Kuipandisha juu ya paa peke yangu singeweza, kwa hivyo nilinunua keria ya mikanda inayofungwa mlango wa nyuma. Kabla sijafika Chuka, kishindo! Ndoano za juu nilikuwa nimezishikiza kwenye plastiki.

Jamani, mikanda ya juu ndiyo hubeba uzito. Ya chini huzuia kuyumba tu. Shikiza kwenye ukingo wa chuma, kaza, endesha kilomita chache, simama ukaze tena. Taa na namba ya gari zionekane.

Mwongozo ulisema hayo yote. Nami ndiye huwalaumu watumiaji wa programu zangu kwa kutosoma maelezo! Fremu imekwaruzika, lakini kengele ya mzee bado inalia.