Kukaza Bodi ya DX Iliyoshushwa

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo (si sana, mtaona) nizungumzie gari. Nina Toyota Corolla KE70 ya 1982, ile ambayo hapa kwetu wengi huiita tu DX. Injini ni 4K, 1290 cc, na gurudumu za kusukuma ziko nyuma. Ilikuwa ya baba, akanipa macho yalipoanza kumsumbua usiku. Nimeishusha sentimita nne kwa springi fupi na ngumu. Ndiyo, najua. Hii ni nchi ya Safari Rally, ambako tangu 1953 watu wanainua magari ili yapite, halafu mimi nashusha langu. Napenda linavyokaa, basi.

Gari likishashushwa, kila mtu ana kipuri cha kukuuzia. Weka strati baa ya mbele. Weka na ya nyuma. Weka vyuma vya chini vya kuunganisha sakafu. Weka keji kabisa! Mimi nilikuwa na shilingi elfu hamsini, na gari lilikuwa na dalili mbili: nikipanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja mlango wa dereva unagoma kufunguka, na kwenye kona yenye mashimo usukani unakuwa kama una mawazo yake mwenyewe. Mke wangu alikuwa ameanza kukataa kupanda. Kwa hiyo halikuwa suala la urembo.

Kwanza tuelewane kwa nini kushusha gari kunaiumiza bodi. Springi na bodi ni kama springi mbili zilizofuatana. Nguvu inayopita ni ile ile, na kila moja inakubali kadiri ya ulaini wake. Springi za kiwandani ni laini, zinakubali karibu kila kitu, na bodi inaonekana ngumu. Ukiweka springi ngumu mara mbili, bodi ndiyo inayoanza kukunjika zaidi kuliko ilivyozoea. Tena springi fupi zina nafasi ndogo ya kushuka. Nafasi ikiisha, shoku inagonga raba yake ya mwisho, na kishindo chote kinapanda hadi kwenye kichwa cha shoku chini ya boneti. Kila tuta, hivyo hivyo.

Haya. Programu ikiwa nzito, huwezi kuanza kubadilisha tu kila mstari unaokuudhi. Unapima kwanza ni sehemu gani inakula muda. Sikuona sababu ya kulifanyia gari tofauti. Nilichukua vyuma viwili vyembamba, nikavifunga pamoja kwa kibanio ili virefuke na kufupika, nikawa na kipimo cha kupima mlango kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Gari juu ya sakafu tambarare, milango ya mbele wazi, nikapima. Kisha jeki chini ya kona ya mbele kushoto hadi gurudumu likaning'inia, nikapima tena. Halafu kulia. Jioni moja tu, gharama sifuri.

Mlango wa abiria: tofauti ya mm 1. Mlango wa dereva: mm 4.

Hakuna strati baa duniani inayoeleza tofauti hiyo. Kama tatizo lingekuwa la mbele tu, pande zote mbili zingefanana. Nilichukua bisibisi nikagonga lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, kile kizingiti unachokanyaga ukiingia. Kushoto likalia kama debe. Kulia likalia kama maandazi. Bisibisi ikaingia. Kumbe gereji fulani ya zamani, enzi za baba, ilijaza tundu kwa bodifila, ikapaka lami nyeusi juu, ikapokea pesa.

Hapa ndipo hesabu inapovutia. DX haina chesisi ya vyuma virefu kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na vizingiti viwili ndiyo sehemu kubwa ya nguvu yake katikati, mahali ambapo milango imekata matundu makubwa. Kizingiti kinafanya kazi kwa sababu kimefungwa pande zote, kama bomba. Chukua bomba la bati lenye nusu-kipenyo cha mm 40 na unene wa mm 1, lipasue mstari mmoja kwa urefu wote. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule. Lakini uwezo wake wa kukataa kusokotwa unashuka: gawanya nusu-kipenyo kwa unene, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara 3. Mara 4,800! Kizingiti changu si bomba la mviringo na kutu haikupasua urefu wote, kwa hiyo hasara yangu ni ndogo kuliko hiyo, ila umeona mwelekeo.

Kilichobaki ni baba. Nilimpigia.

"Mwanangu, hilo gari ndilo lililokuleta nyumbani kutoka hospitali. Usilikate."

"Baba, kutu imeshalikata. Njoo uone."

Alikuja, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akanyamaza muda. Kisha akamuuliza fundi ana mashine gani. Swali zuri kuliko yangu yote. Bati la bodi ni jembamba, karibu mm 1, na ile mashine ya kuchomelea mageti kwa vijiti inalitoboa tu. Tulitafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi. Kabla ya kukata alichomelea kwa muda chuma cha mshazari kwenye tundu la mlango, ili umbo lisitoroke kizingiti kikiondolewa. Alichoma vipande vifupi vifupi, huku na huku, bati lisipate joto likapinda. Matundu ya kutolea maji yaliachwa wazi, na ndani tukapuliza nta. Shilingi elfu thelathini na mbili.

Strati baa ya mbele nimeweka, tena ya kutengenezwa: bomba moja lililonyooka, bila bawaba, limechomelewa kwenye sahani nene za pande zote. Zile zilizopinda kukwepa injini zinapendeza, lakini bomba lililopinda likisukumwa linazidi kupinda. Nilijaribu kwanza kwa mpini wa ufagio kama boneti inafungika.

Ya nyuma nimekataa. Kwenye saluni hii springi za nyuma zimekaa peke yake, mbali na shoku, kwa hiyo vichwa vya shoku havibebi uzito wa gari. Unaunganisha sehemu mbili ambazo hazikuwa na ugomvi. Vyuma vya chini vya sakafu vina faida, ila kwa gari lililoshushwa ndivyo vitakavyosalimiana na tuta la kwanza. Na keji kwa gari la barabarani, bila kofia ngumu, ni bomba la chuma karibu na kichwa cha mke wangu. Hapana.

Nimepima tena wiki jana. Kushoto mm 1, kulia mm 1. Mlango unafunguka hata gari likiwa limepanda ukingo. Usukani bado una mawazo kidogo, na nashuku bushi za mikono ya chini, ambazo sidhani zimewahi kubadilishwa. Elfu saba zimebaki. Jumamosi naelekea Kirinyaga Road, na baba amesema anakuja, kwa sababu eti mimi sijui kupatana bei.