Injini Iliyoguswa

Peugeot 504 ya baba, kule Tanga miaka ya 1980, ilikuwa na injini iliyoundwa ili ifunguliwe. Silinda zake zilikuwa na slivu zinazochomoka. Zikilika, unatafuta seti ya slivu na pistoni zake, unang'oa za zamani, unapachika mpya, na bloku linabaki lile lile. Kuipata hiyo seti ndiyo ilikuwa kazi, maana fedha za kigeni zilikuwa adimu na mtu aliweza kungoja miezi mpaka apatikane wa kumletea kutoka Mombasa. Lakini ikishafika, kila mmoja alijua kinachofuata. Nikitumwa kumpelekea fundi chai, nilimkuta amezipanga valvu juu ya gunia kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Alizipaka dawa ya kusagia, akazisugua kwa mkono moja baada ya nyingine, mpaka kila moja ipate ukingo wa kijivu usiokatika popote. Kazi hiyo haikuharakishwa. Baba naye alikuwa tayari kumweleza yeyote injini imefunguliwa lini, na nani, na imewekwa nini kipya.

Mafundi wa wakati ule waliliheshimu gari hilo pia kwa sababu ya mashindano. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari Rally akiendesha 504. Andersson huyo huyo baadaye aliongoza timu ya Toyota barani Ulaya, na barabara zetu nazo zikahamia magari ya Japani. Kule gari binafsi jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama zake. Wengi huona heri waliuze. Usukani wao uko kulia kama wetu. Basi meli zikaja zimejaa.

Langu nililinunua mkononi mwa mtu hapa Dar es Salaam, namba C, rangi inang'aa. Lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Ubungo. Maji yalikuwapo, ila injini ilikuwa inayasukuma nje. Fundi akachomoa dipstiki, akaniita, "Dada, hebu njoo uone." Oili imekuwa chai ya maziwa: gasketi ya hedi imeachia, maji na oili vimekutana. Hedi ni ya aluminiamu, ikipata joto kupita kiasi hupinda, na mpindo usioonekana kwa macho unatosha kupitisha maji. Ikapelekwa kuchongwa, ikafungwa gasketi mpya, nikalipa. Gari likachemsha tena, hedi ikachongwa tena. Kila ikichongwa inapungua unene, na ina kiwango chake. Safari iliyofuata fundi hakugusa hata spana. "Dada, usiendelee kutupa hela. Tubadilishe injini."

Tukaenda Ilala. Injini zimepangwa sakafuni, waya zimekatwa, mipira inaning'inia, bei haijaandikwa popote. Muuzaji akafungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, akakitoa na kutuonyesha hakina uchafu. Akashika spana akaizungusha puli, ikazunguka. Uchunguzi ukaishia hapo. Dhamana nayo ilikuwa ya mdomo: ikizingua ndani ya wiki, rudisha nikupe nyingine. Imetembea kilometa ngapi, ilibadilishwa oili kwa wakati au la, gari lake lilipatwa na nini, hayo hakuna aliyeweza kutuambia. Pamoja na ufundi, nilitoa pesa iliyokaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe. Ilipofungwa, taa ya injini ikawaka. Akaitwa kijana wa kompyuta, akachomeka mashine chini ya usukani, ikamtajia sensa. Sensa ikabadilishwa, taa ikarudi. Mashine humwonyesha mfumo unaolalamika, ila sababu ni lazima mtu aitafute, naye siku hiyo alikuwa na magari mengine yanamsubiri.

Simlaumu fundi wangu. Injini nzima ya mtumba huingia kwa siku moja, kuitengeneza ya zamani kunakula siku kadhaa ambazo mteja hataki kuzilipia. Tena aliyetengeneza akikosea, lawama ni zake. Aliyebadilisha, injini ikifa, atasema sokoni tulipata mbovu, na sote tutakubaliana naye. Hatari iliyokuwa mikononi mwa fundi imehamia mfukoni mwa mwenye gari.

Hilo nililiona vizuri zaidi nilipoamua kuuza. Matangazo ya magari siku hizi yana sifa isiyokosekana: injini haijaguswa. Mnunuzi alikuja, akaomba kadi ya gari, akainama na tochi ya simu kulinganisha namba ya injini. Ililingana, maana kadi nilikuwa nimeshairekebisha. Lakini tochi ikaangukia boliti zenye makovu ya spana. "Dada, hii imeguswa." Nikamwambia imebadilishwa nzima, hedi haina tatizo tena, risiti zote hizi hapa. Hakuzisoma. Akashusha bei palepale, nami nikaikubali. Aliliogopa gari lililotengenezwa kuliko gari asilojua lina nini ndani, na kwa jinsi magari yetu yanavyotengenezwa sasa, sikuwa na hoja ya kumpinga.