Zamu ya Kubeba Jeneza

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa natoka kwenda kazini, hapa Hannover, Ujerumani. Madamu wetu wa Jiografia, aliyetufundisha kule Soni tangu kidato cha kwanza, ametutoka alfajiri. Mazishi leo baada ya alasiri. Nikapiga hesabu ya ndege, ya basi hadi Mombo, ya zile kona za kupandia milima yetu ya Usambara. Nikakaa chini.

Ingekuwa ni huku, ningewahi. Mwaka jana alifariki jirani yangu, naye mwalimu mstaafu. Tangazo lilitoka gazetini, limezungushiwa mstari mweusi, akazikwa wiki mbili baadaye, na wanafunzi wake wa zamani wakaja kwa treni kutoka miji ya mbali. Baada ya mazishi tukanywa kahawa na keki, tukaagana. Subira ile naionea wivu. Lakini kaburi lenyewe ni la kukodi: mara nyingi miaka 20, kisha ndugu walipie tena au mahali papewe mwingine. Mama nilipomsimulia, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Madamu amelazwa shambani kwao, kando ya migomba, karibu na wazazi wake, na hakuna wa kuwahamisha.

Ndiye aliyetutoa darasani siku moja akatupeleka maporomoko ya Soni, akatuonyesha miamba yenye kivuli na unyevu. Mahali kama hapa, alisema, ndipo linapoota lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892. Mwaka uliofuata, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, hapa hapa Hannover, akaliita Saintpaulia. Wajerumani wa kawaida hulitaja kwa jina la Usambara mpaka leo. Nilipoliona dukani mara ya kwanza nililinunua, nikampigia Madamu. Akafurahi, kisha akauliza kama nalimwagilia kwa chini, maana majani yake hayapendi maji.

Ubani niliutuma kwa simu. Usiku akanipigia niliyekaa naye dawati moja. Wanaume walijaa njia nzima, akasema, wengi wao wanafunzi wake, na jeneza halikutulia kwenye bega moja hata hatua kumi, jinsi kila mtu alivyotaka kulipokea.

“Mimi nimelibeba mara mbili, kaka,” akaniambia. “Ya pili ilikuwa zamu yako.”