Mama wa Baraka ataka kuona farasi kabla ya kutia saini

LEXINGTON, Kentucky – Kijana wa miaka 16 alidhani kazi ngumu ingekuwa kupata pesa. Tangu mwezi wa sita alikuwa akienda kila mwisho wa juma kwenye shamba moja la farasi nje ya mji, kuondoa mavi, kujaza maji na kubadilisha nyasi kavu. Farasi aliwashika kila wiki, lakini hakuwahi kupanda hata mmoja, maana wale ni farasi wa mashindano na mfanyakazi wa zizi hana ruhusa. Akaweka dola kando mpaka zikatosha kupeleka watu wa nyumbani kwao siku moja nzima msituni, kila mtu juu ya farasi wake.

Jamaa hiyo, ambayo haikutaka jina lake litajwe, ni ya watu watano. Baba na mama ni wazaliwa wa Baraka, territoire ya Fizi, katika Kivu ya Kusini. Walivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wakati wa vita vya 1996, wakafika Kigoma, na watoto wote watatu walizaliwa katika kambi ya Nyarugusu. Leo wanaishi Lexington, mji unaojulikana kwa farasi, na ambao sasa una Wakongomani wengi kiasi kwamba Kiswahili kinasikika kanisani, shuleni na kwenye foleni ya duka.

Fizi hakuna farasi. Watu wanajua ng'ombe wa Hauts Plateaux, wanajua mbuzi na kondoo, basi. Mahali penye mbung'o farasi hadumu, anakufa kwa ugonjwa wa nagana. Kule kaskazini mwa Congo, Wabelgiji waliotafuta mnyama wa kazi walifikia hata kufundisha tembo, kwenye kituo cha Gangala na Bodio karibu na Garamba. Mama alipoambiwa habari ya siku ya farasi, alijibu kwamba heri hata huyo tembo, kwa sababu angalau anamjua.

Mpango wenyewe uliharibika mara ya kwanza mapema sana. Kijana alikuwa amechagua hifadhi ya jimbo ya Taylorsville Lake, upande wa Louisville, kwa kuwa alisikia kuna njia ndefu za farasi kando ya ziwa. Njia zipo kweli, na kuingia hakuna malipo. Lakini farasi unakuja naye mwenyewe, ndani ya trela yako, pamoja na karatasi ya daktari inayoonyesha kwamba damu yake imepimwa. Ni kosa la watu wengi wanaopanga safari ya namna hii: kuona neno farasi kwenye ramani na kufikiri kwamba farasi wanangoja pale. Ikabidi kutafuta mwenye zizi ambaye ana ruhusa ya kupitisha wageni wake katika njia za hifadhi nyingine, pamoja na kiongozi wa kuwatangulia. Akapatikana, mama mmoja mzungu mwenye farasi kumi hivi.

Ndipo ikaja karatasi.

Kila anayepanda lazima aitie saini, na mwenye umri chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi. Kijana aliiweka mezani jioni, baada ya chakula, akamwambia mama yake ni kitu cha kawaida tu, aweke jina hapa chini. Mama akasema: "Nisomee." Kijana akasoma haraka haraka kwa Kiingereza. Mama akasema tena: "Nisomee kwa Kiswahili, mwanangu, mstari kwa mstari."

Dada mkubwa akachukua kazi hiyo, maana ndiye mwenye kuwafasiria wazazi hospitalini na kila mahali. Alipofika kwenye mstari unaosema kwamba farasi ni mnyama, anaweza kushtuka, na mpandaji anaweza kuumia ao kufa bila mwenye zizi kudaiwa chochote, mama akaweka mkono juu ya karatasi.

"Kifo nilikikimbia nikiwa na tumbo," alisema. "Leo nikiandikie jina langu, na tena nilipe pesa?"

Kijana alitoka nje akafunga mlango kwa nguvu. Kwa siku nne hakuna aliyezungumza juu ya farasi. Baba hakuingilia; alikuwa na shida yake mwenyewe. Zizi halipokei mtu mwenye zaidi ya kilo 104, na yeye ana 112. Sheria hiyo si dharau. Watu wa farasi huhesabu kwamba mnyama asibebe zaidi ya sehemu moja katika tano za uzito wake, na tandiko limo humo.

Siku ya tano mama mwenyewe ndiye alisema: "Twende kwanza nimwone huyo farasi." Wakaenda Jumapili baada ya ibada. Aliuliza maswali kuliko mtu yeyote, dada akifasiri. Farasi akisikia bunduki anafanya nini? Mwenye zizi akakiri kwamba mwezi wa kumi na moja wawindaji wa swala wanaingia porini na bunduki, hivyo afadhali kuja mwezi wa kumi. Tarehe ikarudishwa nyuma wiki tatu. Kwa nini mtu hasimami nyuma yake? Kwa sababu farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa na mbele ya pua yake. Na mguu ukinasa? Ndiyo sababu ya viatu vyenye kisigino, usipite wote ndani ya kikuku. Mama akataka kuona kofia ngumu, akaigonga kwa vidole kama mtu anayenunua sufuria.

Alisaini pale pale, kwa kijana peke yake. Kadogo wa miaka minane amekataliwa. Atabaki na mama kwenye meza za hifadhi, na baba atachoma samaki. Dada ni mtu mzima, amejisainia. Kwa hiyo kati ya watano watapanda wawili, na pesa zilizobaki zimenunua viatu, kupulizia ya kupe, na ndagala za kupikia sombe.

Safari ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Alhamisi kijana atapiga simu kuuliza kama mvua haijafunga njia. Nakala ya karatasi mama ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi za Nyarugusu.