Yanauzwa Wapi?

Ukimwambia mtu hapa chuoni kwamba wewe na rafiki yako mnakusanya mawe, hakuulizi ni mawe gani. Anauliza yanauzwa wapi. Ukijibu kwamba hayauzwi, anakutazama kama mtu aliyeruka dozi. Nimeulizwa hivyo na wanachuo wenzangu, na konda wa Hiace, na mwenye nyumba wetu kule Soni. Sikutegemea kwamba siku moja ataniuliza mwenzangu mwenyewe.

Tulianza wakati wa BTP mwaka jana, wilayani Lushoto. Wote tunasoma Ualimu, somo letu la pamoja ni Jiografia, na tulipanga chumba kimoja ili boom lisogee. Mada ya miamba unaijua inavyofundishwa: unachora ubaoni miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geuzi, unaweka mishale, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Na nje ya dirisha umesimama mlima mzima wa miamba geuzi, hakuna anayegeuza shingo. Tukasema basi tuokote vipande tupeleke darasani. Baada ya wiki tatu ile sababu tulishaisahau, tukawa tunatoka tu kila Jumamosi.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33, na sehemu kubwa imechongwa ubavuni mwa mlima. Pale ilipochongwa, mwamba uko uchi: mistari myeupe na myeusi imejipinda kama kanga inayokamuliwa. Hiyo ni naisi. Ilibanwa na kupikwa kwenye kina cha makumi ya kilomita chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, wakati hata samaki hawakuwepo duniani. Leo imekaa juu na mbuzi wanajikuna kwayo.

Vifaa vyetu havikuwa vya kutisha. Nyundo ya kuazima kwa fundi, sumaku ya spika mbovu, na chupa tupu ya soda. Chupa ndiyo maabara. Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, mwaka 1812 aliyapanga madini ngazi kumi kwa ugumu, kila moja likimkwaruza aliye chini yake. Kucha yako iko kwenye mbili na nusu hivi, kioo tano na nusu, kwatzi saba, almasi kumi. Jiwe likikwaruza chupa, unajua angalau umevuka kioo.

Lakini aliyetufundisha zaidi hakumjua Mohs. Ni mama mmoja anayeponda kokoto kando ya barabara. Tulimsalimia kwa Kisambaa chetu cha kuombea maji, akacheka, akatupa vigoda. Yeye anasikiliza jiwe kabla ya kulipiga. Lenye ulanga mwingi, alisema, linameguka kama andazi la jana na mafundi hawalitaki. Jeusi lililo zito linauma mkono, lakini zege lake halina maneno. Halafu akatuonyesha kopo la Blue Band lenye vipande vyenye vitone vyekundu. Anaviweka tu, miaka sasa. "Hili lina mbegu, mwanangu," aliniambia. Zile ni ganeti, na nilipomweleza kwamba jina hilo asili yake ni komamanga, akanitazama kama ninayemwambia kitu anachokiona.

Ganeti za pale nyingi zimejaa nyufa, hazifai kwa pete. Ila kaskazini ya milima hii kuna Bonde la Umba, na huko ni habari nyingine. Yakuti za Umba, za kila rangi, zinajulikana na masonara wa dunia nzima. Huko ndiko ilikopatikana ganeti ya rangi kati ya pinki na chungwa ambayo wafanyabiashara waliikataa kwa sababu haikuingia kwenye aina yoyote waliyoijua. Wakaiita malaya. Samahani kwa lugha, lakini ndilo jina lake hadi leo, hata Ulaya, ingawa siku hizi wengine wanaliandika kwa haya kidogo. Baadaye ikapanda bei. Hadithi hii ndiyo iliyomwingia mwenzangu.

Wiki ya mwisho ya BTP alikuja na dalali mmoja aliyekutana naye gesti. Dalali aliyageuza mawe yetu, akacheka, akasema haya ni ya kujengea, twendeni Umba. Usiku mwenzangu akaniambia tuunganishe boom. "Mwanangu, kaka yangu amemaliza ualimu miaka mitano iliyopita, anaendesha bodaboda. Sisi tunasubiri nini?" Nikamwambia Sheria ya Madini ya 2010 iko wazi, bila leseni huchimbi wala huuzi. Akasema leseni anayo dalali. Nikamuuliza umeiona? Akanyamaza. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, sasa haya mawe tuliyookota miezi miwili yatatusaidia nini, yanauzwa wapi?

Sikuwa na jibu la kumlipia ada, na mpaka leo sina. Hoja ya kaka yake siwezi kuicheka. Nilichomwambia ni kwamba pesa yangu siitoi.

Aliondoka na basi la asubuhi. Semesta hii hajajisajili, na dirisha la usajili linafungwa wiki ijayo. Jumapili alinitumia picha WhatsApp, kijiwe chekundu kwenye kiganja chenye malengelenge, bila salamu: "Imekwaruza chupa." Nikamjibu aijaribu na kwatzi, kisha nikamwandikia tarehe ya mwisho ya usajili. Tiki mbili, bado hazijawa za bluu.

Mawe yetu 41 yako kwenye boksi la viatu chini ya kitanda changu. Aliyookota yeye nimeyabandika karatasi yenye jina lake na mahali alipoyatoa.