Pumzi ya Rubani Imo Mikononi mwa Fundi

Mtu aliyezoea mtungi wa oksijeni wa karakana hujua kwamba hewa hiyo, ingawa ndiyo uhai wetu, ina hasira kali ikikutana na mafuta. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Kanengo, kaskazini ya mji wa Lilongwe, kando ya barabara iendayo Uwanja wa Ndege wa Kamuzu. Sharti letu la kwanza ni kwamba mikono yenye grisi isiguse koki ya mtungi. La pili ni kwamba koki hufunguliwa polepole, maana hewa iliyoshindiliwa ikiachiwa ghafla hupata joto linaloweza kuwasha hata uchafu mdogo uliomo njiani. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa ndege, aliniambia kwamba masharti hayo hayo ndiyo yanayotawala mitungi ya marubani.

Nilimwuliza kwa sababu. Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambako Kiswahili husikika kila pembe, wako jamaa wanaongojea kwa miaka kusafirishwa ng'ambo. Mama mmoja mtu mzima alinitupia swali: "Baba, hewa ikitoweka huko juu, sisi tunashushiwa vifuniko vya pua. Rubani naye anavuta nini?"

Swali hilo lina uzito. Barakoa za abiria aghalabu hupata oksijeni kutokana na kemikali inayowashwa papo hapo, nayo hudumu kama robo saa tu, muda wa rubani kuishusha ndege. Rubani ana mtungi wake mwenyewe. Katika kimo cha mita 10,700, karibu mara mbili ya Kilimanjaro, mtu asiye na oksijeni hubaki na akili timamu nusu dakika hadi dakika moja. Rubani akilegea, barakoa ya abiria haitamfikisha abiria popote. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya Helios, iliyotoka Larnaca kwenda Athens, ilianguka Ugiriki na kuua watu wote 121. Swichi ya kudhibiti hewa ya ndani ilikuwa imeachwa mahali pasipostahili baada ya ukaguzi wa mafundi, na marubani hawakuitambua, wakazimia.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia, "mtungi unaweza kusema uongo." Fundi akiubadilisha, kisha akasahau kufungua koki, hewa kidogo hubaki imenaswa ndani ya bomba. Rubani akibonyeza kitufe cha majaribio mara moja na kuachia, husikia mvumo mzuri na mshale wa geji husimama mahali pake. Baada ya pumzi chache, hamna kitu. Ndiyo maana kitufe hicho hubonyezwa kwa sekunde kadhaa, macho yakiwa kwenye geji: mshale ukiporomoka, koki imefungwa.

Kuna kosa baya kuliko hilo. Mwaka 2007 huko Melbourne, Australia, iligunduliwa kwamba mitungi ya oksijeni ya ndege ilikuwa ikijazwa kutoka kigari cha nitrojeni, hewa ifaayo magurudumu. Nitrojeni haina harufu wala haibani kifua. Mvutaji huzimia bila kujua.

Na oksijeni ikizidi? Tarehe 19 Mei 2016 ndege ya EgyptAir, safari namba 804 kutoka Paris kwenda Cairo, ilianguka katika Bahari ya Mediterania ikiwa na watu 66. Wataalamu wa Ufaransa walieleza kwamba barakoa ya rubani msaidizi ilikuwa imebadilishwa siku tatu kabla, na kitufe chake cha kuzungusha kikaachwa kwenye alama ya dharura, hata oksijeni ikavuja na kulisha moto katika chumba cha marubani. Ripoti ya Misri ya mwaka 2024 ilitaja baruti, Wafaransa hawakukubali. Mimi si hakimu wao, ila mchomeleaji yeyote atawaambia jinsi cheche ndogo inavyogeuka kuwa tanuri palipojaa oksijeni.

Mpwa wangu hanawa kwanza, ndipo agusapo mabomba hayo. Akimaliza, humwita fundi mwingine ambaye hakushiriki kazi: mmoja anabonyeza, mwingine anatazama geji, kisha wote wawili hutia sahihi daftarini. Akiitwa katikati ya kazi hufunga utepe mwekundu kwenye koki, hata kama anakwenda kunywa maji tu. Kwa hiyo huchelewa kurudi nyumbani, na mkewe alikuwa akinung'unika kila jioni kwamba ugali umepoa. Nilimsimulia habari hizi nilipowatembelea. Alikaa kimya kitambo, akauliza kama yule fundi wa pili naye ana mke. Juma lililofuata nilikuta amenunua hotipoti mbili.