Baraza la Kijiji na Mpaka wa Masale

Wahenga walisema, "Mnyonge hana haki." Maneno haya ni onyo, kwani mahali pasipo baraza la kweli, haki hufuata mwenye mali na mwenye sauti kubwa.

Katika miteremko ya mlima Kilimanjaro, Wachaga hupanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo mtu hurithi kwa wazee wake. Jani la sale ni ishara ya amani pia: aliyekosa humpelekea mwenziwe kuomba msamaha. Kwa hiyo mtu ang'oaye masale ya jirani yake hutenda makosa mawili: huiba ardhi, tena huvunja amani.

Mfano ni huu. Mjane mmoja aliamka asubuhi akaona masale yamesogezwa hatua 10 ndani ya kihamba chake, na aliyeyasogeza ni shemeji yake. Mjane huyu hana nauli, wala fedha za kumlipa wakili. Mji wa wilaya u mbali, na watoto wake wamtazamia yeye kwa chakula. Je, aende wapi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimfungulia mlango ulio karibu, nao ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni 7, na katika hao 3 ni wanawake. Halmashauri ya kijiji huwapendekeza, na mkutano mkuu wa kijiji huwakubali. Tena sheria hiyo ilisema kwamba mila yo yote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili. Basi shemeji hawezi kujitetea kwa kusema tu, "Huyu ni mwanamke, ardhi si yake."

Wajumbe yafaa wawasikilize wote wawili, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Kisha na waende shambani penyewe, wawaulize majirani. Hapa ndipo penye jaribu. Jirani ajuaye mpaka wa zamani akinyamaza kwa hofu, au mjumbe akimpendelea mtu wa ukoo wake, kazi yote ya baraza huwa bure.

Yafaa kujua pia kwamba baraza hili hupatanisha, wala halina nguvu ya kumlazimisha mtu. Wasipopatana, shauri hupelekwa Baraza la Kata. Mabaraza ya Kata yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na zamani yaliweza kuamua mashauri ya ardhi; lakini tangu mwaka 2021 kazi yao katika mambo hayo ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita pasipo suluhu, mdai aweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo hutoa hukumu. Lakini kwa mjane huyu safari hiyo ni ndefu, na kila siku aendayo barazani ni siku asiyolima. Ndiyo sababu baraza lililo karibu naye halina budi kuwa la kweli.

Mtoto aonaye masale yakipandwa leo, huenda kesho akaitwa kuwa shahidi. Na akumbuke vema mahali yalipopandwa, na siku atakapoulizwa aseme kweli, hata kama mkosaji ni ndugu yake.